Nakivale Kutoka Angani: Kambi au Makazi?

Tangu programu ya Google Earth ilipotolewa mwaka 2005, wengi wetu tumejifunza kutafuta maajabu kwa picha za setilaiti: shimo la Oldoinyo Lengai, mabaki ya mashamba ya kale ya Engaruka, au mahandaki ya Bigo bya Mugenyi kando ya mto Katonga, ambayo urefu wake kwa jumla unazidi kilomita 10. Tunawaomba wasomaji wetu washuke kusini zaidi, wapite Mbarara, waelekee kusini-mashariki hadi lionekane ziwa Nakivale, kisha waitafute Kashojwa.

Hapo pana mabati yanayong'aa, njia za udongo na vipande vya mashamba. Asiyeambiwa atadhani ni kitongoji cha wakulima kama vingine vya Isingiro. Hata hivyo magazeti, pamoja na insha nyingi tunazosahihisha, husema "kambi ya Nakivale".

Kambi ni mahali pa kutua tu. Jeshi hupiga kambi, msafara hupiga kambi, kisha huondoka. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza, na ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Ikawapokea Wanyarwanda, hasa waliokimbia machafuko ya 1959. Wengi wao walirudi kwao kuanzia 1994. Wakafuata Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kujenga na, ardhi ilipokuwa tele, shamba la kulima. Kwa mtazamo wetu, jina linalofaa ni makazi. Mtoto aliyezaliwa Kashojwa, akasoma hapo na kuoa hapo, hawezi kuambiwa kila siku kwamba amepiga kambi.

Tunajua neno hilo nalo lina uzito wake. Wenyeji wanaogombania ardhi ya Nakivale huenda wakalisikia kama hati ya kumiliki. Mpaka wanaougombania hauonekani angani; ng'ombe na migomba iko pande zote mbili.

Wala picha hizo hazifiki mwanzo wa habari. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, Nakivale ikiwa na umri wa miaka 14. Kabla ya hapo, historia imo vinywani mwa wazee, na mtoto wa miaka kumi aliyevuka mpaka mwaka 1959 sasa amepita sabini na tano.

Kwa hiyo walimu walioko Mbarara tunawashauri hivi: chapeni picha ya Kashojwa kwenye karatasi kubwa, wapeni wanafunzi, waende nayo. Kiswahili cha huko kina lafudhi ya Kongo na Burundi, nao wasikisahihishe. Wamwombe mzee aweke kidole chake kwenye kisima, kanisa, msikiti na njia ya zamani, ataje jina la kila kimoja, nao waandike kama alivyotamka.