Kanga ya Bibi Ilikuwa Rangi Gani?

Nyumbani Kinampanda, kwenye ukuta wa sebule, kuna picha ya bibi iliyopigwa mwaka 1968. Nyeusi na nyeupe. Amekaa kwenye kiti, amejifunga kanga, hacheki. Mwaka jana tulitaka kuichapisha upya kwa rangi kwa ajili ya kumbukumbu yake, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Ilikuwa nyekundu, mimi ndiye niliyekuwa naifua," alisema shangazi.

"Dada, ile ilikuwa kijani," baba akajibu. Wakanuniana siku mbili.

Mimi kazi yangu ni kupiga watu picha, na mkobani nina vipande vya plastiki ya rangi vya kuweka mbele ya taa. Tunaviita jeli, kwa sababu vya zamani vilitengenezwa kwa jelatini. Basi nikachukua vitambaa viwili, chekundu na cha kijani, nikavipiga picha nyeusi na nyeupe. Kwa taa ya kawaida vyote vilitoka kijivu, huwezi kuvitofautisha. Nilipoweka jeli nyekundu, chekundu kiking'aa na cha kijani kikawa kama mkaa. Nilipoweka ya kijani, mambo yakageuka.

Kumbe picha za rangi zilianzia hapohapo. Mwaka 1861, mjini London, James Clerk Maxwell alionyesha picha tatu za utepe mmoja, zilizopigwa na Thomas Sutton kupitia rangi nyekundu, kijani na buluu. Kila moja ilikuwa nyeusi na nyeupe. Zilipomulikwa pamoja kwa taa za rangi zilezile, utepe ukaonekana na rangi zake. Cha ajabu, kemikali za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kunasa wekundu. Mwaka 1961 watafiti wa Kodak walieleza kilichotokea: sehemu nyekundu za utepe zilikuwa zikirudisha pia mionzi ya urujuanimno, na hiyo ndiyo iliyonaswa. Yaani picha ilitoa ushahidi wa wekundu ambao haikuuona.

Bibi alipigwa mara moja tu, kwa mwanga wa jua. Rangi ya kanga haikujificha mle ndani ikisubiri programu ya kompyuta, haikuingia kabisa. Programu ingebuni tu, halafu wajukuu wangeamini.

"Kwa hiyo mkweli nani?" shangazi akauliza.

Nikamwambia picha haijui.

Tumeichapisha kijivu vilevile. Nyuma yake shangazi ameandika "nyekundu". Chini yake, kwa mwandiko wa baba: "kijani".