Ruhusa Isiyo na Kikomo: Mgogoro wa Kodi Unyanyembe na Njia ya Ujiji

Katika enzi ya mtemi Fundikira, Waarabu waliohamia Unyanyembe walijenga matembe yao Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, wakafanya biashara bila kutozwa kodi ya bidhaa. Baada ya kifo chake, Mnywa Sere alirithi utemi na kuamuru kila bidhaa iingiayo nchini ilipiwe. Wafanyabiashara walikataa: kwao, ruhusa ya mtemi ilimfunga na mrithi wake. Kwa Mnywa Sere, ilikuwa fadhila ya aliyeitoa, nayo ilizikwa pamoja naye. Hoja yake, ambayo wanahistoria wengi huipita haraka, haikuwa dhaifu. Waarabu walimng'oa mtemi na kumsimika Mkasiwa. Waarabu walimng'oa mtemi na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sere akawa mviziaji wa misafara hadi alipouawa mwaka 1865.

Mirambo wa Urambo alikwenda mbali zaidi. Kwa mujibu wa Stanley, mwaka 1871 alipokea kutoka kwa msafara mmoja hongo ya vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na robota tano za nguo, kisha akauamuru urudi ulikotoka. Njia ya Ujiji ikafungwa.