Udongo wa Ukambani katika Ufuo wa Malindi

Anayeshuka kutoka Kitui au Wote kwenda Malindi kupunga upepo wakati wa Krismasi hushangaa akifika ufuoni. Bahari aliyoiona ya samawati kule Watamu, mwendo mfupi tu kusini, hapa ina rangi ya chai ya maziwa. Wengi hudhani ni uchafu wa mji. Sivyo. Ni udongo, na mwingi umetoka kwetu Ukambani.

Mto Athi hupita Machakos na Makueni, ukiwa mpaka na Kitui, kisha hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana. Karibu na bahari jina lake ni Sabaki, na mlango wake uko kaskazini ya mji wa Malindi. Kusi ikivuma, tope husukumwa upande wa Mambrui. Kaskazi ikishika, kuanzia Novemba hadi Machi, hugeuka kusini na kutanda mbele ya Malindi, wakati uleule wa mvua za vuli na wageni wengi.

Chota mchanga wa ufuo huo uutazame kiganjani. Mchanga wa Diani ni mweupe kwa sababu ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Huu ni wa hudhurungi, na ndani yake mna chembe zinazometameta juani, kwa maana ni mawe ya bara yaliyosagwa na mto.

Historia ya tope hili imehifadhiwa baharini kwenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, yapo matumbawe yaliyokua kwa takriban miaka 300. Tope la mto hubeba bariamu, na tumbawe huinywa linapojijenga mwaka baada ya mwaka. Wanasayansi waliolitoboa tumbawe mojawapo walichapisha matokeo mwaka 2007: kwa karne mbili hali ilikuwa tulivu, halafu mwanzoni mwa karne ya 20 bariamu ikaanza kupanda.

Ni nini kilichotokea bara wakati huo? Serikali ya kikoloni iliwachorea Wakamba mipaka, malisho mazuri yakachukuliwa na walowezi, watu na mifugo wakabanana vilimani. Ardhi ikachakaa. Kisha mwenye ng'ombe ndiye aliyelaumiwa. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu huko Machakos, maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu walienda Nairobi kudai mifugo yao, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini upinzani ule uliilazimisha serikali kurudi nyuma. Naona haki ilikuwa upande wao, ingawa mmomonyoko wenyewe ulikuwa wa kweli.

Dawa ilipatikana baadaye, mikononi mwa wenyeji. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vilichimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, milima ya Machakos na Makueni ikavaa ngazi hadi kileleni. Kitui tulijenga mabwawa ya mchanga: ukuta unakingama mto wa msimu, mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, na maji yanabaki humo hadi kiangazi, mbali na jua. Shirika la SASOL limekuwa likisaidia kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Makueni nayo ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, kwa sababu malori yalikuwa yakiukomba mitoni hadi mwambani.

Hata hivyo Sabaki bado ni mwekundu kila vuli. Serikali za kaunti za Kitui, Makueni, Machakos na Kilifi zinapaswa kuketi pamoja na kuuangalia mto huu kama mali moja, kuanzia shambani hadi ufuoni. Na wewe msomaji mwenye shamba mteremkoni, kagua matuta yako kabla ya mvua za Oktoba. Palipobomoka, ita mwethya.