Asili ya Neno "School" na Shule za Masasi

Katika wilaya za Masasi na Newala, mahali pa kufundishia watoto huitwa shule, si skuli kama wasemavyo Unguja. Jambo hili lina ajabu yake, kwani Waingereza ndio waliotangulia huko. Askofu Edward Steere alifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, waliotoka Unguja. Wamisionari Wadachi wa Mtakatifu Benedikto walifika Lukuledi mwaka 1895, na Ndanda hawakujenga mpaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji. Hata hivyo neno lililodumu ni la Wadachi, Schule.

Sababu yake ni dola. Serikali ya Wadachi ilifungua shule Tanga katika miaka ya 1890, ikasomesha makarani na walimu, na neno likasafiri pamoja na mshahara. Waingereza waliposhika nchi walilikuta limekwisha ota mizizi. Unguja, iliyokuwa chini ya himaya yao tangu 1890, ilichukua school ikaifanya skuli.

Lakini maneno haya mawili ni ndugu. Mzazi wao ni schola la Kilatini, na babu yao ni skhole la Kiyunani, ambalo maana yake ya kwanza haikuwa nyumba wala mwalimu, bali wasaa: muda ambao mtu ameachiwa na kazi. Kutoka wasaa neno likahamia mazungumzo ya elimu yaliyoujaza, kisha mahali pa mazungumzo hayo. Waungwana wa Athens walipata wasaa huo kwa kuwa walikuwa na watumwa wa kuwafanyia kazi. Waliofundishwa na wamisionari wa Masasi, basi, walikuwa watu wa hali ile ile ambayo jasho lake lilizaa skhole ya wengine. Nao sasa wameshika kitabu.

Juu ya uwanda wa Makonde wasaa ulikuwa adimu zaidi. Newala haina mito. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake na wasichana waliteremka mabondeni kuteka maji, wakapanda tena genge na mitungi kichwani. Shule ilikuwapo, na kengele yake ilisikika. Msichana alikuwa bado njiani.