Wazimu wa Nani?

Katika Afrika Mashariki kuna hospitali tatu ambazo majina yake yamegeuka matusi. Mjini Nairobi mtu akipandwa na hasira huambiwa anafaa kupelekwa Mathari. Tanzania Bara huambiwa ametoroka Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, na kule Unguja huulizwa ametoka lini Kidongo Chekundu. Nimeyasikia yote matatu, na mara nyingi yalisemwa kwa mzaha tu. Hata hivyo, ndani ya mzaha huo mna nadharia nzima: kwamba mtu mkali ni mgonjwa wa akili, na kwamba mgonjwa wa akili ni mtu mkali. Mtu akimpiga mwenziwe hatuulizi waligombania nini. Twasema, "Huyo ana kichaa," na mazungumzo yamekwisha.

Nadharia hiyo iliwahi kuwa sera ya serikali nchini Kenya. Nataka kuisimulia habari hiyo, kwa sababu naona tumeisahau upesi mno, na kwa sababu iligusa nyumba yetu.

Mwaka 1938 daktari mmoja aitwaye J. C. Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikabidhiwa hospitali ya Mathari. Alikuwa amefika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali, na hakuwa na mafunzo maalumu ya maradhi ya akili. Hayo aliyapata Uingereza baadaye. Alikaa Mathari hadi 1950. Kutokana na wagonjwa alioletewa, aliandika kwamba Waafrika hupatwa na wazimu kwa nadra kuliko Wazungu. Hakujali sana kwamba familia nyingi hazikuwapeleka wagonjwa wao huko, ila wale tu walioshindikana kabisa au waliokamatwa na polisi. Mwaka 1951 aliandika makala akilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji uliotumika siku zile kuwatuliza wagonjwa. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Wakati huo hayo yalihesabiwa kuwa elimu.

Mathari ya siku za Carothers iliwahi kumpokea mtu mmoja ambaye wasomaji wa Bungoma hawahitaji kuelezwa habari zake. Elijah Masinde, mchezaji kandanda hodari na kiongozi wa Dini ya Msambwa, aligombana na watu wa serikali juu ya kazi za lazima, akawapinga kwa maneno na kwa mikono. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari, akakaa huko hadi 1947. Mwaka uliofuata polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake kule Malakisi, na Masinde mwenyewe akahamishiwa Lamu, asirudi kwao mpaka 1961. Ikiwa kweli alikuwa mgonjwa, basi maradhi yake yalikuwa na tabia ya ajabu, maana yalizidi kila mtoza kodi alipopita.

Kisha ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na Gavana Evelyn Baring. Serikali ilikuwa na haja ya maelezo. Ingekiri kwamba Wakikuyu wamekasirika kwa sababu ya ardhi, ingelazimika kuzungumza juu ya ardhi. Basi Carothers, ambaye alikuwa amekwisha kurudi Uingereza, akaitwa, na mwaka 1954 Mpiga Chapa wa Serikali mjini Nairobi akatoa kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Alisema kwamba Wakikuyu wamekutana na ustaarabu wa kigeni, wakapoteza mila zilizowashikilia, bali hawakupoteza fikira za uchawi. Ndiyo maana wamejaa wasiwasi na fujo. Hoja hii haipingani na ile ya kwanza, ingawa kwa haraka yaonekana hivyo. Mwafrika aliyekaa mahali pake hana wazimu. Akisogea tu, amekuwa mgonjwa.

Mgonjwa naye hupewa dawa. Kijitabu kiliunga mkono kuwakusanya watu vijijini, jambo ambalo serikali ilikuwa imekwisha kulianza. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa kwenye nyumba zao, wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Katika kambi za kizuizini, kukiri kiapo kulihesabiwa kuwa dalili ya kupona. Neno lililotumika sana ni kurekebishwa, kana kwamba watu wale walikuwa saa zilizosimama.

Sitaki msomaji adhani kwamba nayafunika mabaya ya Mau Mau. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari, watu wasiopungua sabini waliuawa kwa mapanga na moto, wengi wao wanawake na watoto. Ulikuwa ukatili mtupu. Hata usiku ule, hata hivyo, wauaji hawakwenda ovyo kama watu waliopagawa. Walikwenda kwenye nyumba walizozijua. Nyuma yake ulikuwapo ugomvi wa ardhi tangu watu walipohamishwa Tigoni ili Wazungu wapate mashamba, na baadhi yao wakakubali kupewa Lari huku wengine wakikataa. Aliyeuawa kwanza kutajwa daima ni Luka Wakahangara, chifu wa zamani aliyekubali. Kueleza sababu hii si kuwatetea wauaji. Kwangu mimi inawazidishia lawama. Mwenye wazimu humhurumii na kumfunga kamba. Mtu aliyekuwa na sababu, akachagua kumuua mtoto, huyo ana jambo la kujibu. Baada ya usiku ule ngati na askari wa serikali walilipiza kisasi, wakaua watu wengi pia. Hakuna daktari aliyeulizwa juu ya akili za hao.

Hapa ndipo ubishi wangu ulipo. Kipimo cha wazimu kilielekezwa upande mmoja tu. Mwaka 1923, kule Molo, kijana aitwaye Kitosh alichapwa viboko na mlowezi kwa kosa la kumpanda farasi badala ya kumwongoza kwa kamba. Akafungiwa ghalani, akafa usiku ule ule. Mahakamani madaktari walisema kwamba marehemu mwenyewe alitaka kufa, na kwamba nia hiyo ilichangia kifo chake. Mlowezi akapewa kifungo cha miaka miwili kwa kujeruhi. Mwandishi Karen Blixen aliisimulia kesi hiyo katika kitabu chake cha 1937. Tazama, basi: Mzungu alipoua, ilichunguzwa akili ya Mwafrika aliyekufa, Mwafrika alipoua, ilichunguzwa akili ya kabila lake zima.

Nimesema habari hii iligusa nyumba yetu. Baba yangu mdogo alirudi kutoka kizuizini mwaka 1959, mimi nikiwa mtoto wa miaka minane. Alikuwa mpole kupita kiasi. Lakini mwalimu wa shule ya jirani akipuliza filimbi, baba mdogo alichutama papo hapo, mikono kichwani, hata akiwa na jembe shambani au kikombe cha chai mezani. Usiku alipiga kelele. Watoto wenzangu walimwita Mathari, na mama zao waliwaonya wasimkaribie, asije akawadhuru. Sikumwona hata siku moja akimpiga mtu, wala mbuzi. Upande wa pili wa njia aliishi mzee aliyekuwa ngati, ambaye watu wazima walinong'ona juu ya viboko alivyovipiga. Huyo alikaa kiti cha mbele katika kila mkutano, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka akili yake.

Frantz Fanon, daktari wa maradhi ya akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, kuanzia 1953 hadi 1956, alimjibu Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 1961. Katika kitabu hicho aliandika pia habari za wagonjwa wake, wakiwamo walioteswa na polisi waliotesa. Nilipousoma ukurasa ule nikiwa mtu mzima nilimkumbuka baba mdogo. Yeye alikuwa mgonjwa kweli. Ukatili ndio uliotangulia, na ugonjwa ukafuata.

Sheria, kwa jambo hili, ina busara kuliko madaktari wa mwaka 1954. Tangu kesi ya Daniel M'Naghten huko Uingereza, mwaka 1843, mahakama zilizorithi sheria ya Kiingereza, zetu zikiwamo, huuliza swali jembamba: je, mtu huyu, saa ile, alijua analotenda, na alijua kwamba ni kosa? Haliulizi juu ya kabila, wala hasira, wala malezi. Wako wanaosikia sauti zikiwaamuru, na mahakama huwatambua. Wako lakini ni wachache. Utafiti wa Marekani uliotolewa 1990 ulikisia kwamba maradhi makubwa ya akili huchangia karibu asilimia 4 tu ya matendo ya nguvu katika jamii. Ulevi na dawa za kulevya huchangia zaidi. Na wenye maradhi hayo huwa wanapigwa kuliko kupiga, jambo ambalo yeyote aliyemwona mwehu akifukuzwa sokoni kwa mawe hahitaji utafiti kulijua.

Tarehe 27 Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kulalamikia mauaji ya wanawake. Siku zile nilisikiliza kipindi kimoja redioni. Msemaji, mtu mwenye nia njema, alieleza kwamba wanaume wanaoua wake zao wana msongo wa mawazo na wanahitaji ushauri nasaha. Ushauri nasaha mimi siukatai. Laiti baba mdogo angeupata. Kisha mama mmoja akapiga simu kutoka Thika. Alisema kwamba mumewe alikuwa na msongo huo kwa miaka kumi na miwili, ila hakuwahi kumpiga bosi wake, wala polisi, wala kondakta aliyemnyima chenji. Na alipompiga yeye, kwanza alifunga dirisha. Msemaji alimshukuru, akaomba simu nyingine.