Manjano, Magadi na Mvuke: Tarikhi ya Kupima Boroni

Mwenye kupanda mlima Longonot nchini Kenya, wenye kimo cha mita 2,776, huona mvuke ukifuka hapa na pale katika kuta za kreta yake. Na akielekeza uso magharibi, kusini ya Ziwa Naivasha, huona mawingu meupe ya Olkaria, ambako visima viwili vya mwanzo vya mvuke vilichimbwa katika miaka ya 1950 na umeme ukapatikana mwaka 1981. Maji yatokayo chini pamoja na mvuke huo hubeba boroni, ambayo mmea huihitaji kwa kadiri ndogo mno, na ikizidi majani huungua kingoni; basi katika nchi ya mashamba ya maua, kuipima si anasa.

Mvuke wa jinsi hii pia uliitia boroni sokoni. Mwaka 1777 mkemia Hoefer aligundua tindikali ya boriki katika madimbwi ya moto ya Toscana, Italia. Tangu 1818 mfanyabiashara François de Larderel akaiuza. Na mahali hapo hapo, mwaka 1904, Mwitaliano Ginori Conti akawasha taa tano kwa nguvu ya mvuke, kazi ambayo Olkaria ni mrithi wake.

Boroni yenyewe ilitengwa na wakemia mwaka 1808, na Davy huko London, na Gay-Lussac na Thénard huko Paris, ingawa haikuwa safi. Hapo taabu ikaanza, madhali kipimo hutaka kwanza kitu kiyeyuke, ilhali fuwele za boroni hazijali tindikali ya haidrokloriki hata ikichemka. Unga wake hushindwa na tindikali ya nitriki ya moto; fuwele aghalabu huunguzwa pamoja na magadi safi katika kijungu cha platini mpaka kiwe chekundu, kisha donge likatiwa majini. Fauka ya hayo, tindikali ya boriki hutoroka pamoja na mvuke wa maji, tabia ile ile iliyoipandisha hadi madimbwi ya Toscana. Kwa hiyo chupa hufungiwa bomba la kupoza, ili kinachopaa kirudi.

Kiasi kikubwa hupimwa kwa kutonesha soda kali, baada ya kutia manitoli, dawa tamu mfano wa sukari, ambayo huipa ukali tindikali hiyo dhaifu. Kiasi kidogo hutaka manjano, naam, manjano haya haya ya mchuzi: kiini chake hukaushwa pamoja na maji yapimwayo na tindikali, kwa joto la digrii 55, hata kibaki kitu chekundu chini ya bakuli, kikayeyushwa kwa spiriti, na wekundu wake ndio ushahidi.

Kioo cha maabara kisichopasuka motoni nacho kina boroni ndani yake, nacho huiachia majini. Basi mwenye kutaka maji ya kisima chake yapimwe, na ayapeleke katika chupa safi ya plastiki.