Kijiji Kwenye Reli, Mpunga Mtoni

Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, kwa kawaida, ana makazi mawili. Moja liko kijijini, juu kidogo, karibu na barabara, shule na zahanati. La pili liko shambani, kwenye tambarare inayofurika, mwendo wa saa mbili tatu kwa miguu, na wakati mwingine kwa mtumbwi. Huko kuna kibanda cha fito na nyasi, na pembeni yake dungu, jukwaa lililosimama juu ya nguzo. Mvua zikianza, familia inafunga mizigo: jembe, mbegu, sufuria, chandarua, kuku wawili watatu. Wengine hawarudi kijijini hadi Juni au Julai, mpunga ukishapurwa na kutiwa maguniani.

Watafiti wa malaria walioko Ifakara wamelifuatilia jambo hili miaka mingi, kwa kuwa ni huko shambani, mbali na dawa, mtu anakoumwa na mbu miezi mitano au sita mfululizo. Lakini jambo hilohilo linaeleza pia historia nyingine. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30, serikali ya kikoloni na kisha serikali huru zilijaribu kuwakusanya watu wa bonde hili wakae pamoja. Walikusanyika, kwa hiari au kwa lori. Msimu wa kilimo ulipofika, mpunga uliwatawanya upya.

Bonde lenyewe ndilo lililopanga hivyo. Mto Kilombero unakusanya maji ya Milima ya Udzungwa upande mmoja na ya milima ya Mahenge upande wa pili, kisha unakwenda kuungana na Luwegu na kuwa Rufiji. Katikati ya masika tambarare inageuka ziwa. Maji yakipungua yanaacha tope jeusi ambalo halihitaji mbolea ya dukani. Wandamba walijenga kwenye vichuguu na miinuko iliyobaki kavu, wakavua kambale na perege, wakalima kandokando ya maji. Wapogoro, Wabena na Wambunga nao walipanga maisha yao kwa kufuata maji. Nyumba ilikuwa pale penye shamba, na jirani alikuwa umbali wa kusikia mbiu, haikulazimu zaidi ya hapo. Kulima pamoja kulikuwapo: mtu anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, kesho ni zamu ya mwingine. Kila aliyekuja alijua shamba ni la nani na deni la jasho liko kwa nani.

Waingereza walikuwa wa kwanza kuwahamisha watu kwa wingi katika nchi hii ya Ulanga, wilaya lilimokuwa bonde hili. Sababu ilikuwa malale. Katika miaka ya 1940 watu wa mashariki ya Ulanga na wa Liwale walitolewa kwenye makazi yaliyotawanyika, wakawekwa kwenye vijiji vilivyopangwa ili mbung'o wadhibitiwe. Sehemu kubwa ya ardhi waliyoiacha iliishia ndani ya Pori la Akiba la Selous. Hakuna aliyesema habari za udugu wakati huo. Ilikuwa amri ya afya, na wanyamapori ndio waliorithi mashamba.

Udugu ulikuja na uhuru. Desemba 10, 1962, katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba wakiendelea kukaa mbalimbali hawataweza kutumia trekta, wala kupata shule, hospitali na maji. Mwaka uliofuata ikaundwa idara maalumu ya makazi mapya, na Kilombero ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza za majaribio. Hapa zao lilikuwa miwa, ya kulisha kiwanda kipya cha sukari kule Kidatu. Mpango wa kitaifa ulikuwa kila makazi yawe na familia kama 250, meneja wa serikali, matrekta, nyumba na maji ya bomba. Gharama ilikuwa kubwa kupita kiasi, na gharama hiyo iliandikwa kama deni la walowezi wenyewe. Matokeo yake yalieleweka kirahisi: mtu aliyejengewa nyumba na kupangiwa kazi asubuhi alijiona kibarua wa serikali, akangoja posho. Aprili 1966, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, akatangaza kwamba makazi ya namna hiyo hayataanzishwa tena.

Wakati huohuo, kusini ya bonde hili, mkoani Ruvuma, kulikuwa na jaribio la aina tofauti kabisa. Vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa kiongozi wao, waliingia msituni Litowa mwaka 1960 wakiwa na majembe na nia tu. Jaribio la kwanza lilivunjika, wakarudi tena 1961. Baadaye walipata mshauri, Mwingereza Ralph Ibbott, na vijiji vilivyofuata mfano wao vikaungana katika Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma. Sitaki kuwapamba, maana hata wao walikuwa na wavivu na wagomvi. Ila walikuwa na vitu ambavyo makazi ya miwa hayakuwa navyo. Waliamua mambo katika mkutano wao wenyewe, walianza wakiwa wachache, na mgeni hakupewa uanachama kabla hawajamwona akifanya kazi. Shule yao pale Litowa ilifundisha watoto kwa ajili ya maisha ya vijijini. Azimio la Arusha la Februari 1967 na waraka wa Ujamaa Vijijini wa Septemba mwaka huohuo viliwakuta tayari wako njiani.

Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo. Vijiji 17 vikawekwa chini ya chama, na mali ya umoja ikachukuliwa. Kwa maoni yangu, huu ndio uamuzi uliowagharimu watu wa Kilombero kuliko wengi wanavyofikiri, ingawa haukuwataja. Nchi ilibaki na sera ya kuishi pamoja, lakini ikawatawanya watu pekee waliokuwa wamejifunza namna ya kuiendesha siku hata siku.

Kilichofuata kinajulikana. Waraka wa Rais wa mwaka 1969 uliwataka watumishi wote watangulize vijiji vya ujamaa, kukaja Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu vijijini, kisha Kigoma, na Novemba 6, 1973 Mwalimu akatamka kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Katika bonde la Kilombero amri hiyo ilikuja pamoja na reli. Kati ya 1970 na 1975 Wachina na Watanzania walijenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita chini ya Udzungwa kupitia Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hiyo, ameeleza jinsi watu walivyotolewa ndani ya bonde na kupangwa kwenye vijiji vya kando ya reli. Walitakiwa wailinde njia, wailishe, na wapate huduma kwa urahisi. Kwenye ramani mpango ulikuwa mzuri. Nyumba zilikuwa kwenye mstari, na stesheni ilikuwa karibu.

Mpunga ndio haukuwa karibu.

Hebu tuangalie kaya moja iliyohamishwa wakati wa kiangazi, wakati malori yanapopita. Imefika mahali palipopimwa, vigingi vimeshachomekwa. Nyasi za kuezekea zimeungua na moto wa msimu au zimekwisha kukatwa na waliotangulia, kwa kuwa nyumba mia mbili zinatafuta nyasi wiki moja. Fito ziko mlimani, kamba za magome nazo huko. Choo hakijachimbwa, kisima ni kimoja. Miembe, migomba na makaburi vimebaki nyuma. Chakula kilichopo ni kile kilichobebwa, na hadi mavuno kuna miezi saba au minane. Kila siku ya kujenga nyumba ni siku iliyoibwa kwenye kutayarisha shamba, na mvua haingoji. Nchini kote mwaka 1974 na 1975 ukame ulikutana na uhamisho, na serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Lawama nyingi zilipelekwa kwa mvua. Kiasi fulani ni haki yake.

Halafu likaja shamba la ujamaa. Kwa kawaida kaya ilibaki na shamba lake, na siku kadhaa za wiki zikawa za shamba la kijiji. Pale ndipo daftari la mahudhurio lilipoanza kutawala. Katibu anaandika jina, anaweka alama, na mwisho wa msimu mgao unatolewa kwa kuhesabu siku. Lakini siku ya nani? Mama aliyefika alfajiri akamaliza mstari wake wa palizi huku mtoto akiwa mgongoni alipata alama moja. Bwana aliyefika jua likiwa juu, akaegemea mpini na kutoa maoni kuhusu hali ya nchi, naye alipata alama moja. Viongozi walikuwa kwenye vikao, na vikao navyo vilihesabiwa kuwa kazi. Sehemu nyingine walijaribu bega kwa bega: shamba moja kubwa, lakini kila kaya na kipande chake kilichopimwa. Huko mambo yalikwenda nafuu, maana magugu ya mvivu yalionekana, na kila mtu alijua yako kwa nani.

Palizi ilikuwa afadhali. Mpunga ukianza kuchanua na kujaa maziwa unataka mtu shambani tangu kucha hadi jua kuzama, kuwinga ndege. Kweleakwelea wanashuka kama wingu, na shamba lililoachwa asubuhi moja linabaki makapi. Usiku kuna nguruwe pori, na karibu na mto kuna viboko. Kwa hiyo lazima mtu alale kwenye dungu. Sasa uliza: nani atalala kwenye dungu la shamba la kijiji, kilomita kumi kutoka nyumbani, kwa wiki sita, wakati shamba la watoto wake liko upande mwingine wa bonde na ndege ni walewale? Jibu lilikuwa lilelile kila kijiji. Watu walilinda lao. Daftari halikuwa na safu ya usiku.

Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Kwa mlima wa kahawa idadi hiyo si tatizo. Kwa mpunga wa mafuriko maana yake ni kwamba ardhi nzuri ya kutosheleza kaya hizo haiwezi kupatikana mahali pamoja, karibu na nyumba. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa nchini kote, kijiji kikawa ndicho ushirika wa kuuza mazao. Magunia yakasubiri magari ya Shirika la Usagishaji la Taifa, na bei ilipangwa mbali. Miaka ya themanini ilipofika, mashamba mengi ya ujamaa yalikuwa yamerudi pori au yamegawanywa, na njia za kwenda mtoni zilikuwa zimekanyagwa upya.

Hata hivyo vijiji havikufa. Shule zilibaki, zahanati zilibaki, na treni fupi ya kienyeji, Kipisi, iliwabebea akina mama mchele, ndizi na kuku kutoka stesheni hadi stesheni. Kama mahali pa kukaa karibu na huduma, kijiji kilishinda, na sidhani kuna mtu leo angetaka kuzirudisha nyumba zote kwenye vichuguu. Kama shamba moja lenye wenyewe wengi, hakikudumu msimu wa kumi.

Nikichunguza ni nani katika bonde hili ameweza kulima mpunga kwa pamoja bila kukatiza, naona Gereza la Idete na Jeshi la Kujenga Taifa la Chita. Wote wawili wana filimbi ya alfajiri, chakula cha pamoja, na hakuna anayetoroka kwenda kuwinga ndege kwenye shamba lake. Ukitaka wanaoishi pamoja kwa hiari, nenda kwa watawa wa Mbingu, wenye mitambo yao ya umeme wa maji. Nao wameapa kutomiliki kitu. Kwa mtu mwenye watoto na mahari ya kulipa, masharti hayo ni magumu.

Kinachofanya kazi kwa watu wa kawaida siku hizi ni kidogo zaidi. Wakulima wa miwa kuzunguka kiwanda cha sukari wameunganisha baadhi ya mashamba yao kuwa bloku: miwa inakatwa kwa pamoja, na malipo yanagawanywa kwa eka za kila mmoja, bila kuhesabu siku za jasho. Upande wa mpunga ziko skimu za umwagiliaji kama Mkula na Msolwa Ujamaa, zinazotumia maji yanayoshuka kutoka Udzungwa. Majaruba yake yako upande uleule wa nyumba, kwa hiyo mtu analima, anawinga ndege na bado analala kitandani kwake. Hakuna shamba la wote. Cha wote ni mfereji, na mfereji una zamu. Ugomvi wa huko ni wa nani alifungua lango la maji usiku usio wake, na faini yake imeandikwa kwenye sheria ndogo walizojitungia wenyewe.